Dawa Mpya, Vijidudu Vyetu



Wasomaji wapenzi, nawaomba radhi kwa kutoonekana katika ukurasa huu kwa majuma mawili. Nilikuwa safarini bara. Nilipanda basi la usiku Mombasa, nikabadilisha gari Nairobi asubuhi, nikashika njia ya Thika na Makutano, nikapita Embu, Chuka na Nkubu, hata nikateremka Meru wakati wa alasiri. Sisi watu wa pwani tunalijua eneo lile kwa miraa inayoshuka kwetu kila siku. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mtoto.

Binti wa dada yangu ameolewa huko. Yeye na mumewe wanaishi Embu penye kazi zao, na wakwe zake wako Meru, mtaa wa Majengo. Ana mimba yake ya kwanza, na nilipokwenda ilikuwa imefika miezi saba. Mamake alipozungumza naye kwa simu aliisikia sauti isiyo ya kawaida, akamdadisi, na mtoto akakiri kwamba anapata maumivu makali kila anapokwenda haja ndogo, na kwamba hali hiyo ina wiki tano. Dada yangu miguu haimruhusu kusafiri, basi nikafunga mizigo mimi.

Haya ni pambo la mwanamke, na hakuna anayetaka tulivue. Lakini haya inapotufanya tufiche maradhi hugeuka kuwa mzigo. Binti yetu hakuficha kabisa. Alimwambia mumewe, na mume, kwa mapenzi yake, akaenda duka la dawa akaeleza dalili, akauziwa vidonge. Siku nne maumivu yakapoa, wiki ya pili yakarudi. Akaenda duka jingine, akapewa vidonge vya rangi nyingine na kuambiwa kwamba hivi ni vikali zaidi. Hakuulizwa kama mgonjwa ni mjamzito. Walipokwenda Meru kuwatazama wazee, jirani mwema akatoa vidonge vyake alivyovibakiza mwaka jana, akasema vilimponya yeye. Dawa tatu, mikono mitatu, na katika wiki zote tano hakuna hata mmoja aliyeupima mkojo wake.

Nilipofika, mkwe wangu alinionyesha habari kwenye simu yake. "Mama," akaniambia, "Marekani wametoa dawa mpya ya maradhi haya haya ya wanawake. Nataka tuitafute kwa gharama yoyote." Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Dawa inaitwa gepotidasini, na mnamo Machi 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu itumike kwa wanawake na wasichana wenye maambukizi ya njia ya mkojo. Ni aina mpya kabisa ya antibiotiki ya kumeza kwa maradhi haya, baada ya takriban miaka 30 bila ya kupatikana aina nyingine. Niliona matumaini machoni mwake, nikanyamaza. Asubuhi tukaenda hospitali.

Daktari alimkagua vizuri. Hakuwa na homa wala maumivu ya ubavuni, alhamdulillahi. Alitueleza kwamba kwa mjamzito maambukizi ya kibofu si jambo la kungojea, kwani yakiachwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na figo zikiugua mama huweza kupata homa kali na mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati wake. Akataja pia kwamba vidonge vile "vikali zaidi" vilikuwa siprofloksasini, dawa ambayo aghalabu wajawazito huepushwa nayo. Kisha akaagiza jambo moja kabla ya jingine lolote: mkojo uchukuliwe, upelekwe maabara ukaoteshwe. Baada ya sampuli kutoka ndipo alipomwanzishia dawa aliyoiona inamfaa mjamzito, akatuambia majibu ya maabara ndiyo yatakayosema kama aendelee nayo au abadilishiwe.

Siku ya tatu tulipoyafuata majibu, nilimwomba kijana wa maabara anifahamishe kazi yake, nikamwambia kwamba kuna akina mama wengi pwani wanaonisoma. Hakuniruhusu kuingia ndani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, lakini alikileta kisahani kilichofunikwa hadi kwenye kioo cha dirisha nikakitazama. Kilikuwa na kitu kilichoganda, laini, cha rangi ya maji ya mchele.

"Mwanangu," nikamwuliza, "hii si faluda?"

Alicheka sana, lakini sikuwa mbali na ukweli. Kinachogandisha kisahani cha maabara ni agari, ile ile inayotokana na mwani, ambayo sisi huichemsha kwa maziwa, sukari na iliki tukaandaa faluda ya futari. Tena aliyeipeleka maabara alikuwa mwanamke aliyeitoa jikoni kwake. Mwaka 1881 daktari Walther Hesse alikuwa akifanya kazi Ujerumani pamoja na Robert Koch, na vyakula vyao vya kuoteshea bakteria viligandishwa kwa gelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto. Mkewe, Fanny Hesse, alikuwa akitumia agari katika jeli zake za nyumbani, kwa kuwa jirani aliyewahi kuishi Java alimfundisha, akampendekezea mumewe aijaribu. Kila mmoja wetu aliyewahi kuiacha faluda mezani katika joto la Ramadhani anajua kwamba haiyeyuki. Tangu siku hizo bakteria wa dunia nzima huoteshwa juu ya agari, na jina la mwanamke yule wachache hulitaja.

Sasa tazama kinachofanyika. Mkojo hupakwa juu ya kisahani na kuwekwa katika kabati lenye joto kama la mwili wa binadamu. Kufikia kesho yake, kama kuna bakteria wa kutosha, huonekana wameota kama vitone vidogo. Hutambuliwa ni wa aina gani. Wa binti yetu walikuwa E. coli, ambao makao yao ya kawaida ni utumbo wetu wenyewe na hawana madhara wakiwa huko, lakini wakivuka hadi kwenye kibofu huleta balaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha huja kipimo cha pili, nacho ndicho kilichonifungua macho. Vitone kidogo huchanganywa na maji ya chumvi hadi yafikie uzito wa ukungu unaojulikana, wala si zaidi wala si pungufu. Maji hayo hupakwa kisahani kizima kwa pamba, pande tatu, pasibaki pengo. Juu yake hupangwa viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa moja kwa kipimo maalumu. Kisahani hurudi kwenye joto kwa saa 16 hadi 18. Usiku ule bakteria huota kama zulia, na dawa husambaa kutoka kwenye kila karatasi. Panapokuwa na dawa inayowaweza, zulia haliwi, hubaki duara tupu. Panapokuwa na dawa waliyoizoea, huota hadi ukingoni mwa karatasi kana kwamba hakuna kitu.

Kijana hupima kila duara kwa rula, kwa milimita, na kulinganisha na jedwali. Nikadhani duara kubwa kuliko yote ndilo dawa bora kuliko zote. Akanisahihisha kwa adabu: kila dawa ina kiwango chake, kwani nyingine husambaa upesi na nyingine polepole, hivyo duara la dawa hii halishindanishwi na la dawa ile. Na ili wajue kwamba kisahani hakikuwadanganya, hupima pia bakteria wa kulinganishia ambaye tabia yake inajulikana duniani kote. Kwa E. coli, mlinganishi huyo ana nambari ATCC 25922. Akitoa majibu yasiyo yake, kazi yote ya siku ile hutupwa na kuanzwa upya.

Hapo ndipo mkwe wangu alipouliza swali lake la dawa mpya. Ningetamani kila msomaji angelisikia jibu.

Dawa mpya, alieleza kijana, haiaminiwi kwa kuwa ni mpya. Hukusanywa bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa kweli, mamia kwa maelfu, wakiwemo wale waliokwisha kuwa sugu kwa dawa za zamani. Hutumika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, safu nane za vishimo kumi na viwili. Katika kila kishimo huwekwa mchuzi wa kuwalisha bakteria pamoja na dawa, na kila kishimo kina nusu ya dawa iliyomo katika kile kilichotangulia. Bakteria hutiwa wote kwa idadi moja. Asubuhi huangaliwa: palipo na ukungu, wameota, palipo maji maangavu, wamezuiwa. Kishimo cha mwisho kilicho kiangavu ndicho kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria yule. Kisha huulizwa swali zito zaidi: je, mtu akimeza dawa, kiwango hicho kitafika kibofuni bila ya kumdhuru? Ndipo wataalamu hukubaliana nambari ya mpaka, ya kusema huyu anatibika na huyu ni sugu. Baada ya hapo huja majaribio kwa wagonjwa waliokubali.

"Lakini hata hayo yakishafanyika," akasema, "dawa hiyo haijui habari za vijidudu vya Meru na Embu. Kila mahali watu wamemeza dawa zao kwa namna yao, na vijidudu vimejifunza kwa namna yake. Siku itakapofika hapa, mimi nitataka kwanza kuiona juu ya kisahani changu."

Maneno yake hayakuwa ya kubahatisha. Ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, mji wa Nanyuki ulikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa wa maradhi ya njia ya mkojo katika Kenya, Tanzania na Uganda, ujulikanao kwa jina la HATUA. Ulichunguza zaidi ya wagonjwa 7,500 wenye dalili. Yalipatikana mambo mawili. La kwanza, ni asilimia 35 tu waliothibitika maabarani kuwa na maambukizi ya bakteria. Karibu wawili katika kila watatu hawakuthibitika kuwa nayo, ingawa dalili walikuwa nazo. La pili, wengi wa bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za namna nyingi. Pima mwenyewe, dada yangu: ukinunua vidonge kwa kukisia, huenda unatibu bakteria ambaye hayupo, na kama yupo, huenda vidonge hivyo havimwezi.

Mbona basi hatupimi? Jibu moja ni kwamba mahali pa kupimia ni pachache. Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na wataalamu wa maabara wa Afrika, baada ya kuchunguza nchi 14 ikiwemo Kenya, ilikuta kwamba katika maabara 50,000 ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya kuotesha bakteria. Ndiyo maana kipimo hiki aghalabu hukipati kwenye zahanati ya mtaani, bali kwenye hospitali kubwa. Lakini jibu la pili liko mikononi mwetu. Hata palipo na maabara, sisi hatuulizi. Tunataka dawa leo, na kipimo kinasema ngoja hadi kesho kutwa.

Sasa niwaambie majibu yalivyosema. Bakteria wa binti yetu alikuwa sugu kwa ampisilini. Alikuwa sugu kwa Septrin. Alikuwa sugu kwa ile siprofloksasini iliyosifiwa ukali. Hata dawa aliyoianzisha daktari siku ile ya kwanza, kwa nia njema na elimu yake yote, haikumfaa sana. Lakini mbele ya jina moja paliandikwa kwamba anatibika: nitrofurantoini, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1953, kabla sijazaliwa mimi. Bei yake haikufika hata ya nauli yangu. Jungu kuu halikosi ukoko.

Daktari akambadilishia. Akatueleza kwamba dawa hiyo humfaa katika mwezi ule wa mimba, ila karibu na kujifungua huepukwa, hivyo mtu asiinunue kwa kusikia kisa hiki. Kisha akamgeukia mume na kumwambia jambo ambalo simu haikumwambia. Gepotidasini ilipojaribiwa kwa wanawake katika majaribio makubwa mawili, ilishindanishwa na dawa hii hii kongwe, nitrofurantoini. Katika jaribio moja, waliopona kwa vigezo vikali vya watafiti walikuwa asilimia 50.6 kwa dawa mpya na 47.0 kwa ya zamani; katika la pili walikuwa 58.5 kwa 43.6. Dawa mpya ni nzuri, nayo ni neema kwa yule ambaye dawa zote nyingine zimemshinda. Lakini wajawazito hawakuwemo katika majaribio yale. Mkwe wangu angeuza pikipiki yake kuitafuta dawa ambayo hakuna aliyeipima kwa mwanamke mwenye hali kama ya mkewe, na ilhali dawa yake ilikuwa rafuni pale pale.

Tusidhani mambo haya ni ya bara. Hapa kwetu Kilifi, watafiti wa KEMRI na washirika wao wa Wellcome Trust waliichunguza fosfomisini, dawa nyingine ya miaka mingi, kwa watoto wachanga 120 kati ya mwaka 2018 na 2019, ili wajue kipimo salama kwa mwili mdogo namna ile. Sababu ni kwamba bakteria wanaoingia katika damu za watoto wachanga wameanza kuzishinda dawa za kawaida. Kazi hiyo ilifungua njia ya jaribio kubwa zaidi linaloshirikisha hospitali za Kenya na Afrika Kusini. Kila kidonge tunachokimeza bila sababu majumbani mwetu kinawafundisha bakteria hila, na anayekuja kulipa ni mtoto mchanga ambaye hakumeza kitu.

Dini yetu imetufundisha kutafuta tiba, na imetufundisha pia kwamba mwili ni amana. Mimi naona dawa nayo ni amana, na ya pamoja. Ukiiharibu wewe, imeharibika kwa jirani. Kwa hivyo, wazazi wenzangu, nawaachia wasia huu.

Ukiwa na dalili za njia ya mkojo, hasa ukiwa mjamzito, au ikiwa maradhi yamerudi baada ya dawa, uliza waziwazi: je, mkojo wangu unaweza kuoteshwa? Sampuli itolewe kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Jisafishe kwanza kwa maji, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati katika chupa safi uliyopewa na maabara, na uufikishe ndani ya saa mbili. Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje majibu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, nao wataanza tiba huku maabara ikifanya kazi yake. Usimpe mwenzako vidonge ulivyobakiza, wala usivipokee. Na karatasi ya majibu iweke pamoja na vyeti vyako, kwani daktari atakayekutibu kesho ataihitaji. Hata katika istinja, tuwafundishe binti zetu kuanzia mbele kwenda nyuma. Ni twahara na ni kinga.

Nilirudi Mombasa siku ya tano baada ya dawa kubadilishwa, nikimwacha binti analala usiku bila ya kuamka kwa maumivu. Daktari alimtaka arudie kipimo baada ya kumaliza dawa. Juzi baada ya magharibi alinitumia picha ya karatasi ya majibu, pamoja na ujumbe: "Mama mdogo, hakuna kilichoota." Nimeisoma mara tatu, kisha nikampelekea dada yangu. Ramadhani iko mlangoni, na mwaka huu nitakapoigandisha faluda yangu nitamkumbuka kijana yule wa Meru na rula yake.

Mwenyezi Mungu amjaalie binti yetu kujifungua salama, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tuonane juma lijalo, inshallah.